Naipenda kazi ya spana, lakini nyumbani naishi siku 3 tu. Waliohamia ofisini, raha ya kazi ilibaki?

FundiKrasha aliandika:

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi mitambo mgodini, upande wa krasha, yaani mtambo wa kuvunja mawe, na mikanda ya kuyapeleka. Huu ni mwaka wangu wa 11. Ratiba yetu ni siku 14 kazini na siku 7 nyumbani. Katika hizo 14, saba ni za mchana na saba za usiku, saa 12 mpaka saa 12. Kikosi chetu kina watu 19, wote wanaume.

Nianze na jambo ambalo watu wakisikia malalamiko ya zamu hawalitegemei: kazi yenyewe naipenda. Ukiniambia niipe alama kati ya 10 nitaipa 9 bila kusita. Wiki mbili zilizopita beringi ya shafti kubwa ya krasha ilikufa saa 8 usiku. Kitu cha namna hiyo unakisikia kabla hujakiona. Mlio unabadilika, mtetemo unakupanda kwenye nyayo kupitia buti. Tulifungua kifuniko, tukaitoa beringi ya zamani kwa jeki ya haidroliki, mpya tukaipasha moto ili itanuke. Hapo una dakika chache tu za kuisukuma mpaka mahali pake, maana ikipoa njiani itabana shafti ikiwa imekaa upande na usiku wote umepotea. Tulikuwa 4, hakuna aliyepaza sauti, kila mkono ulijua pa kushika. Ilipoingia na kutulia tulitazamana tu. Kulipokucha mawe yalikuwa yanatembea kwenye mkanda. Furaha ile sijaipata pengine popote, na sipendi mtu aniambie ni ndogo.

Sasa shida yangu. Nikifika nyumbani, siku ya 1 na ya 2 ni usingizi. Mwili bado unadhani mchana ni usiku. Siku ya 3 nimeamka, lakini nyumba imekwenda wiki mbili bila mimi na ina utaratibu wake: nani anaanza kuoga, nani anamsaidia nani hesabu, ufunguo unakaa wapi. Naingilia, nakosea, natoa amri ambayo hakuna aliyeihitaji. Siku ya 4, ya 5 na ya 6 ndizo tunazoishi kweli. Siku ya 7 nafunga begi, na hata nikiwa nimekaa nao akili imeshaondoka.

Nilikaa nikapiga hesabu. Mzunguko wa siku 21 unaingia kwenye mwaka mara 17 na ushei. Mara 3, ni siku 51 kwa mwaka. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka 9. Kwa hesabu hiyo nimeishi naye mwaka 1 na miezi 3.

Mwezi uliopita msimamizi aliniita. Kuna nafasi kwenye ofisi ya mipango ya matengenezo, kazi ya mchana, siku 5 kwa wiki, na ofisi yenyewe si ya kambini, hivyo nitalala kwangu kila siku. Mshahara wa msingi unapanda kidogo, posho ya zamu inakufa.

Kinachonizuia ni mambo mawili. La kwanza, naogopa hiyo 9 kati ya 10 itageuka kuwa 4. La pili ni gumu zaidi kulisema. Miaka 4 iliyopita mwenzetu mmoja aliomba siku 5 mkewe alipojifungua. Kwenye kikao cha asubuhi nyapara akamuuliza mbele ya watu wote, "Kwani wewe ndiye uliyejifungua?" Kikosi kizima kilicheka. Na mimi nilicheka. Alipewa siku 2, na tangu siku ile sijawahi kumsikia akiomba kitu chochote kwa mtu yeyote. Leo ni zamu yangu ya kusema nataka kuwa karibu na watoto, na nakisikia kile kicheko kabla sijafungua mdomo.

Waliotoka kwenye spana wakaenda kwenye kalamu, raha ya kazi ilibaki? Na wenzenu mliwaambiaje?

MasafaMarefu alijibu:

Mkuu, mimi ni dereva wa lori, mwaka wa 16 huu. Niliwahi kupewa kazi ya kupanga safari ofisini nikadumu miezi 8. Kila siku saa 11 na nusu jioni nilikuwa mlangoni. Wiki za mwanzo nyumba nzima ilifurahi. Mwezi wa tano mke wangu alinikalisha akaniuliza kama naumwa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nashinda natazama safari za watu wengine kwenye skrini, na jioni sina cha kusimulia. Mtu niliyekuwa namleta nyumbani kila siku hakuwa yule aliyekuwa akirudi baada ya siku 9.

Nilirudi barabarani, lakini kwa sharti moja: tarehe ya kurudi haiguswi. Maana nilipotulia niligundua kilichokuwa kinatuumiza si urefu wa safari. Ni ile simu inayokukuta umeshashusha mzigo: "Pakia hapo hapo, nenda mbele kidogo." Mtoto anaweza kusubiri siku 9 kama anaijua siku ya 9. Kusubiri "baba atakuja karibuni" hawezi, na sisi wazazi ndio tunaomfundisha kwamba neno letu halina uzito.

Mwaka wa kwanza nilikataa mizigo 3 ya namna hiyo. Fedha niliikosa, na kwa muda nilipangiwa safari mbaya. Ilipofika mara ya nne hawakunipigia tena.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria kwamba dereva wa lori kwa kawaida asizidishe saa 9 za kuendesha kwa siku, na kila baada ya saa 4 na nusu apumzike dakika 45. Sheria nzuri sana, ningetamani iwe kila mahali na ifuatwe. Lakini inamzuia mtu kusinzia kwenye usukani, haimpi tarehe ya kumwahidi mwanawe. Hiyo lazima uidai mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujaacha spana jiulize: unachokosa ni saa, au ni uhakika?

MkeWaFundiLaini alijibu:

Kaka FundiKrasha, niruhusu niingie ingawa mimi si mwanamume na sishiki spana. Mume wangu ni fundi wa laini za umeme. Upepo ukiangusha nguzo, sisi tunafunga madirisha na yeye anatoka.

Hiyo siku yako ya 3 naijua, ila naijua nikiwa upande wa walioachwa. Baba anarudi na nguvu za kutaka kuwa baba kwa siku zote alizokosa, anazimwaga zote asubuhi moja. Watoto wanakuwa na askari, si mzazi. Sisi tuligombana sana mpaka tukampa jambo moja ambalo ni lake peke yake: kuwalaza watoto. Akiwepo, mimi chumbani kwao usiku siingii, hata nikisikia wanapiga kelele. Akiwa kazini anapiga simu saa ile ile, na asipopata mtandao wanajua atarekodi ujumbe. Ni dakika 20 tu. Lakini akirudi haanzi upya, kwa sababu kuna sehemu ya siku ambayo hakuwahi kuiacha.

Jambo jingine, nalisema kwa heshima. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Umemtaja msimamizi, nyapara, kikosi, mtoto na mwenzenu aliyechekwa. Mke wako umemuuliza? Usije ukaacha kazi unayoipenda kwa ajili yake kabla hajakuomba, halafu ukaja kumdai shukrani. Mwanamke anaweza kuishi na mume anayesafiri. Kuishi na mume anayekuona wewe ndiye deni lake ni vigumu zaidi.

MzeeWaVisima alijibu:

Kijana wangu, nilifanya kazi miaka 22 kwenye majukwaa ya kuchimba mafuta baharini, baadaye nikahamia usalama kazini. Wenzako wamekujibu la ofisi. Mimi nimeshikwa na kile kicheko.

Kwenye jukwaa letu la zamani mwanamume hakuwa na mtoto mgonjwa, hakuwa na usingizi, wala hakuwa na swali. Siku moja mwenzetu alipata habari kwamba mwanawe amelazwa. Hakumwambia mtu. Akaingia kwenye winchi akili ikiwa wodini, waya ukamkata vidole viwili. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu, "Ningemwambia nani?" Tulikuwa pale watu zaidi ya 60.

Kwa hiyo nilipokutana na kazi ya watafiti wawili wa Marekani, Robin Ely na Debra Meyerson, niliisoma kama barua iliyoandikwa kwangu. Walikwenda kuishi na wafanyakazi wa majukwaa ya mafuta ambako kampuni ilikuwa imeamua, kwa ajili ya usalama, kwamba watu waruhusiwe kukiri makosa, kuomba msaada, na kusema mambo ya nyumbani yakiwalemea. Wanaume wale wale, mabega yale yale. Katika kipindi cha miaka 15 ajali za kampuni ile zilishuka kwa asilimia 84, na uzalishaji haukuanguka, ulipanda. Matokeo hayo waliyachapisha mwaka 2008. Watu hawakulainika. Waliacha tu kutumia nguvu zao kuonyesha kwamba wana nguvu, zikabaki kwa ajili ya kazi.

Sasa njoo kwenye saa zako. Siku 14 mara saa 12 ni saa 168. Zigawe kwa wiki 3, pamoja na ile wiki ya kulala nyumbani: saa 56 kwa wiki. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio kwamba mwaka 2016 kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo, na asilimia 72 ya vifo hivyo ni vya wanaume. Hatari ya kiharusi waliikadiria kuwa kubwa kwa asilimia 35 ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Sikutishi. Nataka ujue kwamba umeuvuka ule mstari kwa saa 1 hata baada ya kuhesabu mapumziko yako yote, na bado hatujagusa usiku, ambao una mzigo wake peke yake.

Na yeyote atakayekuambia kwamba kuomba saa ni tabia ya watu laini, mkumbushe waashi wa Melbourne. Tarehe 21 Aprili 1856 waashi wa mawe waliokuwa wakijenga chuo kikuu cha mji ule walishusha nyundo, wakaandamana hadi bungeni kudai siku ya kazi ya saa 8, na wakaipata bila mshahara wao kupunguzwa. Watu wa kuvunja mawe, kama wewe. Waliosema mapema kabisa kwamba siku ya kazi imezidi urefu hawakuwa makarani.

Mchomeleaji27 alijibu:

Wazee wangu mmesema vizuri ila mnapita juu ya fedha. Nachomelea mabomba, na karibu nusu ya ninachopata ni ovataimu. Foromani wetu anawaita kwanza wale ambao hawajawahi kukataa. Kataa Jumapili moja uone, mwezi mzima huitwi. Kwa hiyo mkisema "daini saa zenu", kwangu mimi kudai saa ni kudai mshahara wa msingi kwanza. Ukishatosha, hayo mengine nitayasema mwenyewe, sina aibu nayo.

Kaka FundiKrasha, una bahati ya kuchagua. Chagua kwa ajili yako, lakini ukumbuke kwamba huko ofisini ndiko wanakopanga nani anaitwa Jumapili.

MipangoNaGrisi alijibu:

Nitakujibu swali lako kama ulivyouliza, kwa sababu mimi nilitoka kwenye spana nikaenda mipango, mwaka wa 6 sasa.

Miezi 4 ya kwanza ni mibaya. Mikono inatafuta kazi. Nilikuwa nashuka karakana bila sababu ili tu ninuse grisi. Raha ilirudi, lakini ilirudi kwa njia nyingine, na ningependa uijue kabla hujaamua.

Beringi yako haikufa saa 8 usiku. Ilianza kufa wiki kadhaa nyuma. Kabla ya kupiga kelele hutetemeka kwa namna ambayo kipimo cha mtetemo kinaionyesha, grisi yake hubadilika, joto hupanda taratibu. Mtu wa mipango anayejua mlio wa krasha akiona namba zile anajua zinasema nini, na ile kazi anaiweka Jumanne saa 3 asubuhi, vipuri vikiwa tayari, kreni ikiwa imesimama pale. Beringi ile ile, watu wale wale 4, ila wanaifunga mchana na hakuna aliyetolewa kitandani. Mipango iliyojaa watu wasiowahi kushika spana ndiyo inayowaamsha mafundi usiku. Naliamini hili kabisa.

Nilipoanza, kikosi changu cha zamani kilikuwa kinaitwa nje ya zamu karibu kila wiki. Sasa hivi wanapita mwezi bila kuitwa. Hakuna anayekuja kunipa mkono kwa ajili ya usiku ambao hakuitwa, na hilo lilinisumbua mwanzoni. Lakini mimi najua, na nikilala ninalala vizuri.

Ushauri mmoja wa vitendo: omba kukaimu kwanza, usihame moja kwa moja. Na omba ushuke na kikosi kila mtambo unapozimwa kwa matengenezo makubwa. Mikono isiposhika chuma kabisa inasahau, na mafundi wakikuona na ovaroli mara mbili kwa mwaka hawatakuona mgeni.

FundiKrasha aliandika, baada ya wiki 5:

Wakuu, na dada yangu MkeWaFundiLaini, nimerudi.

Nianze na dada, maana jibu lako nilikaa nalo siku 3 nzima nikiwa zamu ya usiku. Sikuwa nimemuuliza. Nilipofika nyumbani nilisubiri watoto walale, nikamwonyesha ile hesabu yangu ya siku 51. Aliitazama akaniambia nimekosea. Kwake yeye siku ya 1 na ya 2 anazihesabu. Anasema nikiwa nimelala, watoto wanatembea taratibu nje ya mlango na wanaambizana kwa kunong'ona kwamba baba yupo, na nyumba ina utulivu ambao wiki mbili zilizopita haikuwa nao. Mimi siku hizo nilikuwa nimezifuta kabisa. Siku ambayo yeye haihesabu ni ya 3. Hapo nilikubali bila ubishi.

Hakuniomba nihamie ofisini. Aliniomba nisiende kama naenda kuadhibiwa. Tulizungumza mpaka usiku sana, akasema anachotaka hasa ni mtu wa kugawana naye uamuzi siku ambayo uamuzi unatakiwa, si baada ya wiki mbili. Hilo simu haitoshi. Nilielewa.

Nimeomba kukaimu miezi 6, na kushuka na kikosi kila mtambo unapozimwa, kama alivyoshauri MipangoNaGrisi. Msimamizi amekubali yote mawili. MasafaMarefu, swali lako nililijibu hivi: kwangu ni saa na uhakika pia, lakini miezi 6 ina tarehe ya mwisho inayojulikana, kwa hiyo kama nitakuwa mtu asiye na cha kusimulia, nitarudi. Mchomeleaji27, neno lako nimelibeba. Orodha ya wanaoitwa nje ya zamu ndiyo karatasi ya kwanza niliyoomba kuiona.

Kikosi nilikiambia kwenye kikao cha asubuhi, pale pale. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kujificha nyuma yake: mgongo, masomo, kupanda cheo. Sikuyatumia. Nilisema nina watoto 2 na nataka kuwa nao wakiwa bado wananihitaji. Nyapara alitazama karatasi yake. Mtu mmoja aliuliza nani atashika zamu yangu, tukaendelea na orodha ya kazi.

Baada ya kikao nilimfuata yule mwenzetu stoo ya vifaa. Nilimwambia kwamba siku ile nami nilicheka, na kwamba halijanitoka. Alikuwa anahesabu mipira ya haidroliki, akaendelea kuhesabu mpaka akamaliza safu. Kisha akasema mtoto ana miaka 4 sasa, na kwamba alizaliwa na shida ya kupumua, ndiyo maana aliomba siku 5 wala si 2. Miaka 4 nimefanya naye kazi na sikulijua hilo.

Nilipogeuka kuondoka akaniita. Akaniuliza, hiyo nafasi ikiwa ni ya kukaimu, baada ya miezi 6 wataangalia jina la nani. Nikamuuliza kama anataka nilipeleke la kwake. Akasema ndiyo, naomba.

Nimelipeleka leo asubuhi.